Jibu la mtaalamu: Kampuni ya mawakili iliyobobea katika kutetea bima ina nguvu gani hasa?

Swali la msomaji: "Nimekabidhiwa hivi karibuni usimamizi wa madai katika kampuni ya bima. Nimeagizwa nipendekeze mawakili watakaotutetea kwenye kesi za fidia: ajali za magari, majeruhi kazini, moto na uzembe wa kitaaluma. Maombi niliyopokea ni mengi, na kila ofisi inajisifia miaka ya uzoefu na idadi ya kesi ilizoshinda. Je, ofisi iliyobobea katika kazi hii ina nguvu gani ambazo wakili wa kawaida hana? Na nitazitambuaje?"

Ndugu, anza kwa kuiweka pembeni hiyo idadi ya kesi zilizoshinda. Ofisi inaweza kushinda karibu kesi zake zote kwa kuyamaliza nje ya mahakama madai yote magumu, ikaingia mahakamani na yale mepesi tu. Inaweza pia kushinda kesi ambayo gharama yake ilizidi kiasi ambacho mdai angekubali kulipwa miaka miwili nyuma. Madai mengi ya bima huisha bila hukumu, kwa hiyo hesabu ya hukumu inakuonyesha sehemu ndogo ya kazi, tena sehemu isiyokugharimu sana.

Nguvu unayoitafuta inaonekana katika wiki chache za kwanza baada ya jalada kufika mezani kwa wakili. Hapo ndipo anapotakiwa kukuambia kwa maandishi kama upande wenu una kosa, dai lina thamani gani likifika mwisho, na kama mlipe au mpigane. Wakili anayesema hayo mapema na bila kuogopa kukuudhi, na ambaye makadirio yake hayakai mbali na yanayotokea, anaokoa fedha nyingi kuliko msemaji hodari wa mahakamani. Nguvu nyingine nitakazozitaja zinatokana na hiyo.

Wakili wa kawaida aliye makini anaweza kuitetea kesi ya ajali vizuri sana. Anachokosa ni wingi wa mifano. Ofisi iliyoshughulikia madai ya aina moja kwa miaka mingi imeona mfupa wa paja uliovunjika ukithaminiwa na majaji tofauti, kwa wadai wa umri tofauti na kazi tofauti. Inajua kwamba fundi wa ujenzi mwenye miaka 30 na mstaafu mwenye miaka 70, wakiwa na jeraha lilelile kwenye picha ya eksirei, wana madai mawili yasiyofanana hata kidogo. Inajua pia kwamba katika ripoti ya daktari, sentensi moja inayosema mgonjwa "huenda akahitaji upasuaji wa pili" inaweza kubeba uzito kuliko kurasa zote zilizotangulia, na kwamba mtu wa kuulizwa maana ya hiyo "huenda" ni daktari bingwa, aulizwe mapema, kabla mahakama haijaisoma kwa namna yake.

Nikae kidogo kwenye hesabu ya kipato kilichopotea, maana hapo ndipo fedha kubwa hupotea kimya kimya. Katika mahakama nyingi zinazofuata sheria zenye asili ya Uingereza, mtu aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi hulipwa kwa kuzidisha kipato chake cha mwaka kwa idadi fulani ya miaka. Idadi hiyo huwa pungufu ya miaka aliyobakiza kabla ya kustaafu, kwa sababu anapokea leo fedha ambazo angezipata kidogo kidogo, na kwa sababu maisha yana misukosuko yake hata bila ajali. Sasa, ikiwa upande wa mdai unaomba miaka 15 na mahakama zimezoea kutoa 11 kwa mtu wa umri na kazi kama yake, tofauti ni mishahara ya miaka minne mizima. Wakili asiyezoea atatumia siku mbili kuhoji mashahidi juu ya nani aliingia njia panda kwanza, kisha aliache hilo la miaka lipite kwa sentensi moja. Aliyebobea anaanza na miaka. Kisha anauliza kipato chenyewe kimethibitishwaje: kwa hati za mshahara, kumbukumbu za kodi, au neno la jirani?

Huo si ukatili kwa mdai. Mtu aliyeumia kweli anastahili kulipwa kinachomtosha, na ofisi nzuri ya utetezi itakwambia hivyo waziwazi. Hesabu sahihi inamlinda yeye pia, maana dai lililokadiriwa vizuri hulipwa mapema, na mgonjwa anahitaji fedha wakati wa matibabu kuliko miaka sita baadaye.

Kuna suala la ushahidi, nalo linaamuliwa na mwendo wa saa. Alama za matairi barabarani hufutika. Picha za kamera za usalama hufutwa na picha mpya zinazorekodiwa juu yake. Mashine iliyomkata mfanyakazi hutengenezwa na kurudishwa kazini. Magari mengi ya kisasa yana kifaa kinachohifadhi mwendo na breki za sekunde za mwisho, lakini gari likishauzwa kama chakavu, taarifa hizo zimekwenda nalo. Ofisi ya utetezi wa bima ina orodha ya watu wa kupigiwa simu siku hiyohiyo: mpelelezi wa ajali, mhandisi, mtaalamu wa chanzo cha moto, mkadiria hasara. Kwenye moto hasa, eneo likishasafishwa, swali la ulipoanzia halina jibu tena.

Hapa kuna mtego ambao wageni wa kazi hii huuingia. Ripoti ya uchunguzi inaweza kuishia mikononi mwa mdai. Katika kesi ya Waugh dhidi ya Bodi ya Reli ya Uingereza, iliyoamuliwa mwaka 1979, mjane wa mfanyakazi aliyekufa kwenye ajali ya garimoshi aliomba ripoti ya ndani ya shirika. Shirika lilidai ni siri ya maandalizi ya kesi. Baraza la Malodi, mahakama ya juu ya nchi hiyo wakati ule, likaona ripoti iliandikwa kwa makusudi mawili, usalama wa reli na kesi, na kwa kuwa kesi haikuwa kusudi kuu, ikaamriwa itolewe. Tangu hapo ofisi makini huwa na swali moja kabla ya kumtuma mchunguzi yeyote: nani anaagiza ripoti hii, na kwa sababu gani? Barua ya kuagiza iliyoandikwa ovyo haiponyeki baadaye. Ofisi unayoifikiria ikikutumia mfano wa barua hiyo, isome kwa makini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo waombaji wengi huliruka, nalo kwangu ni kipimo kikubwa kuliko vyote.

Wewe ndiye utakayemlipa wakili, lakini jina lililo kwenye hati za kesi ni la mtu mwingine. Anayedaiwa ni mwenye gari, mwenye kiwanda, daktari. Kampuni ya bima inamchagua wakili na kumwelekeza kwa mujibu wa mkataba, na katika nchi nyingi aliyekata bima bado ni mteja kamili wa wakili huyo, mwenye haki ya uaminifu na siri zake kama mteja mwingine yeyote. (Si kila mahali. Ufaransa, kwa mfano, aliyeumia anaweza kuidai kampuni ya bima moja kwa moja, na hapo sura ya kesi hubadilika.) Mahakama ya Rufani ya Uingereza ililiweka wazi jambo hili katika kesi ya Groom dhidi ya Crocker, iliyoripotiwa mwaka 1939. Mawakili walioteuliwa na kampuni ya bima walikubali kwa niaba ya dereva kwamba alikuwa mzembe, hali ajali haikuwa kosa lake, kwa sababu kampuni za bima zilikuwa na mapatano yao kuhusu kugawana malipo. Mahakama ikasema mawakili wamevunja wajibu wao kwake. Haki ya kampuni ya bima kuendesha utetezi haikuwa leseni ya kumtoa sadaka mtu inayemtetea.

Utaona ugumu wake kwa mfano. Gari limekatiwa bima ya matumizi binafsi. Dereva, akizungumza na wakili mliyempa, anamwambia kwa kuamini kwamba siku ile alikuwa amebeba abiria wa kulipa. Habari hiyo inaweza kuwapa sababu ya kukataa kulipa. Wakili asiyejua kazi ataiandika kwenye ripoti yake ya kila mwezi na kukutumia, akidhani amekusaidia. Kumbe ameharibu kila kitu. Amemsaliti mteja wake, amewaweka ninyi kwenye hatari ya kuambiwa na mahakama kwamba mlitumia utetezi kama chambo, na huenda akalazimika kujitoa kesi ikiwa katikati. Aliyebobea ana utaratibu tayari: mazungumzo ya utetezi hayagusi suala la kama bima inahusika, na mgongano ukijitokeza anawajulisha kwamba hawezi kuendelea, bila kumwaga siri yenyewe. Suala la bima linakwenda kwa wakili mwingine. Huko California, uamuzi wa mwaka 1984 unaojulikana kwa jina la Cumis ulikwenda mbali zaidi. Pale ambapo kampuni ya bima inatetea huku ikihifadhi haki ya kukataa kulipa, na hilo linaleta mgongano, ni lazima imlipie mwenye bima wakili huru wa kuchagua mwenyewe. Kanuni hiyo iliingizwa kwenye sheria za jimbo hilo mwaka 1987.

Ofisi nyingine hujisifu kwamba zina idara mbili zilizotenganishwa, moja ya utetezi na moja ya kutafsiri mikataba ya bima, hivyo zinaweza kukuhudumia kote kuwili kwenye tukio lilelile. Mimi nisingekubali. Mpe kazi hizo watu wa ofisi mbili tofauti. Ofisi itakayokushauri hivyo yenyewe, ikijua inapoteza ada, imekuonyesha tabia yake.

Uaminifu huo kwa mwenye bima unawanufaisha ninyi pia. Yeye ndiye shahidi wenu mkuu. Akihisi wakili ni jasusi wa kampuni ya bima, atapunguza maneno, atakawia kuleta hati, na siku ya ushahidi hatafika au atafika amekasirika. Mwenye kiwanda anayemwamini wakili wake atamweleza mapema kwamba kinga ya ile mashine ilikuwa imeondolewa tangu wiki iliyotangulia, na ninyi mtajua kwamba jalada hili ni la kulipa.

Upande wa pili ni kujua lini kampuni ya bima ina haki ya kukataa dai la mteja wake mwenyewe. Hapa ubobezi unaonekana katika kusoma hukumu mpaka mwisho. Kila anayetetea bima hutaja kesi ya Carter dhidi ya Boehm ya mwaka 1766, ambamo jaji wa Uingereza, Lord Mansfield, alieleza kwamba mkataba wa bima unadai uaminifu wa hali ya juu na kwamba anayekata bima asifiche mambo muhimu. Wachache hukumbuka kwamba kampuni ya bima ilishindwa kwenye kesi hiyo. Bima ilikuwa ya ngome huko Sumatra dhidi ya kutekwa na adui, Wafaransa wakaiteka, na mtoa bima akadai amefichwa udhaifu wa ngome. Mansfield akaona kwamba hatari ile mtoa bima aliijua au angeweza kuijua kwa kuuliza, na kwamba kukaa na malipo ya bima huku ukiweka akiba ya kisingizio nako ni kukosa uaminifu. Huo ni wajibu wa pande mbili.

Miaka 250 baadaye, mwaka 2016, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipata kesi ya meli DC Merwestone, ambayo chumba chake cha injini kilifurika. Mwenye meli alisema uongo kuhusu kengele ya tahadhari ili alipwe haraka, lakini uongo huo haukuhusika na haki yake ya kulipwa. Kampuni za bima zilikataa dai zima, zaidi ya yuro milioni 3. Mahakama, kwa wingi wa majaji 4 dhidi ya 1, ikasema uongo wa pembeni kwenye dai la kweli haulifuti dai. Mwaka huohuo, Agosti, ilianza kutumika sheria ya bima ya Uingereza ya 2015, iliyoondoa utaratibu wa kampuni ya bima kuuvunja mkataba mzima kwa kila taarifa iliyokosewa. Kosa lisilo la makusudi wala la kutojali sasa hupimwa kwa kile ambacho kampuni ya bima ingefanya kama ingeambiwa ukweli. Nchi yako inaweza kuwa bado na sheria ya zamani, lakini wakili anayekushauri leo ukatae dai kwa sababu ya kosa dogo kwenye fomu anapaswa kujua upepo unaelekea wapi. Udanganyifu wa kweli upo, nao unawaumiza wenye bima waaminifu kupitia bei wanayolipa. Upigwe kwa nguvu zote, lakini uthibitishwe. Tuhuma ya udanganyifu iliyotupwa bila ushahidi humkasirisha jaji na kupandisha thamani ya dai mlilotaka kulishusha.

Kuhusu kumaliza kesi kwa mapatano, nguvu ya ofisi iko kwenye wakati. Kesi ya Comunale ya California ya mwaka 1958 inafundisha kwa namba. Kikomo cha bima kilikuwa dola 10,000 kwa mtu mmoja. Upande wa majeruhi ulikuwa tayari kumaliza kwa dola 4,000. Kampuni ya bima, iliyokuwa imekataa kumtetea mteja wake, ikakataa na hilo. Hukumu ya majeruhi mkuu ikatoka dola 25,000, na mahakama ya juu ya jimbo ikaibebesha kampuni kiasi chote, hata kile kilichozidi kikomo, kwa sababu ilishindwa kuyajali maslahi ya mteja wake pale nafasi ya kupatana ilipojitokeza. Si kila nchi ina kanuni kali namna hiyo. Hata hivyo, ofa iliyo chini ya kikomo wakati dai linaweza kuvuka kikomo ni jambo la kukupigia simu siku ileile, na mwenye bima naye aambiwe kwa barua.

Mapatano mazuri, hata hivyo, yanahitaji upande wa pili uamini kwamba mnaweza kusimama mahakamani. Mawakili wa wadai wanajuana na mawakili wa utetezi kwa miaka. Ofisi ambayo haijawahi kuendesha kesi mpaka hukumu inajulikana, na bei ya kila dai mnalopewa hupandishwa kidogo kwa ajili hiyo. Vilevile ofisi inayokataa kila kitu hujulikana, na wadai huacha kuzungumza nayo.

Utazitambuaje, basi? Chukua majalada machache yaliyokwisha, ambayo matokeo yake unayajua, uondoe majina na hukumu, kisha ziombe ofisi mbili au tatu ziandike ripoti ya kwanza kwa kila jalada. Walipe kwa kazi hiyo. Kwenye ripoti usitafute lugha nzito. Tafuta namba iliyotajwa kwa ujasiri pamoja na sababu zake, udhaifu wa upande wenu uliosemwa bila kupakwa rangi, na hatua za ushahidi zenye tarehe. Ripoti inayosema "tunashauri kusubiri maendeleo ya shauri" imekupa jibu lako. Kisha kwenye mahojiano uliza ni lini mara ya mwisho walimshauri mteja alipe dai ambalo mteja hakutaka kulilipa, na kilitokea nini. Uliza jina la wakili atakayeshika jalada kila siku, maana anayekuja kwenye mahojiano mara nyingi si yeye. Uliza kampuni moja ya bima inachangia sehemu gani ya mapato yao. Ofisi inayomtegemea mlipaji mmoja huona ugumu kumwambia habari mbaya.

Ubobezi nao una maradhi yake. Kazi ya aina moja huzaa hati za utetezi zinazonakiliwa, zenye aya ileile ya kukana kila kitu, hata ambacho polisi na mashahidi wote wamekubali. Omba hati tatu za utetezi walizoziwasilisha karibuni na uzilinganishe. Angalia pia kama wanatumia daktari yuleyule kila mara. Majaji huwakumbuka mashahidi wa aina hiyo, na ushahidi wao hupungua nguvu kesi baada ya kesi.

Ada usiibane mpaka ivunje kazi. Malipo ya saa humfanya wakili arefushe jalada. Malipo ya mkupuo yakiwa madogo mno, uchunguzi wa siku ya kwanza ndio unaokatwa, na huo ndio uliokuwa na thamani. Mimi hupendelea kiasi maalumu kwa ripoti ya kwanza na uchunguzi wa awali, kilipwe vizuri, kisha utaratibu mwingine kwa kesi itakayoendelea mahakamani.

Kabla ya kusaini, malizana na wakuu wako juu ya jambo moja la ndani. Ofisi uliyoichagua itakapokuandikia kwamba dai lilipwe, tena kabla ofa haijaisha muda, nani kwenu ana mamlaka ya kuidhinisha, kwa kiasi gani, na ndani ya siku ngapi? Jalada likisubiri kikao cha mwezi ujao, ushauri ulioulipia utakuta ofa imeondolewa. Na kwa madai makubwa, kampuni ya bima mtawanyo inayobeba sehemu ya hasara nayo ijulishwe kwa muda ulioandikwa kwenye mkataba wenu nayo, kwa hiyo mpe wakili nakala ya sharti hilo siku ya kwanza.